Alama za Akili Zinapopanda: Mwalimu Amtambueje Mtoto Mwenye Tatizo la Kujifunza?

1. Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi aendapo kwa mara ya kwanza kufanya mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hukabidhiwa hukumu kabla ya kukabidhiwa chaki. Mwalimu mwenyeji humwonyesha darasa, kisha humnong'oneza: "Hawa wa mbele ni wepesi. Wale watatu wa nyuma usijisumbue nao, vichwa vyao vizito." Maneno hayo husemwa kwa nia ya kumsaidia mgeni. Hata hivyo, tangu saa ile watoto watatu wamekwisha kutolewa nje ya somo, ingawa miili yao ingali madarasani.

Ukimwuliza mwalimu huyo amejuaje kwamba watoto wale wana vichwa vizito, atakujibu kwamba amewapima: walipata alama 2 kati ya 20. Mahali pengine duniani jibu lingekuwa la kitaalamu zaidi: mtoto amepimwa kwa kipimo cha akili, amepata alama 68, naye kwa hiyo ni mlemavu wa akili. Majibu haya mawili yana asili moja. Yote mawili huamini kwamba namba ikishaandikwa imesema kweli yote juu ya mtoto.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi kwamba namba ya aina hiyo si uzito wa akili kama kilo zilivyo uzito wa gunia. Ni ulinganisho tu kati ya mtoto na kundi fulani la watoto, la wakati fulani. Kundi likibadilika, au wakati ukipita, namba nayo hupoteza maana yake. Tutalieleza jambo hili kwa kutazama yaliyowapata watoto wa shule nchini Marekani, kisha tutajiuliza linatufundisha nini sisi tunaofundisha shule za msingi.

2. Kipimo cha akili kilikotoka

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuchunguza namna ya kuwasaidia watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo mtaalamu wa saikolojia, Alfred Binet. Mwaka uliofuata, 1905, Binet pamoja na mwenzake Théodore Simon walitoa jaribio lenye kazi 30, kuanzia zile nyepesi kabisa hadi zile ngumu. Shabaha yao ilikuwa moja: kumpata mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Binet hakudai kwamba amepima kitu kisichobadilika. Mwaka 1909 aliandika kuwapinga wale waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi maalumu kisichoweza kuongezwa.

Kipimo kilipovuka bahari na kufika Marekani, mambo yalibadilika. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikitoa kwa sura mpya, na alama ya akili, ile inayojulikana kote kwa herufi IQ, ikaanza kutumika kama cheo cha mtu. Baadaye David Wechsler alitunga vipimo vingine. Kile cha watoto kilitolewa mwaka 1949, kikatolewa upya mwaka 1974, 1991, 2003 na 2014. Msomaji aikumbuke miaka hiyo, maana ndani yake ndimo lilimo fumbo tunalotaka kulifumbua.

3. Maana ya alama 100

Je, mtunzi wa kipimo hujuaje kwamba majibu kadhaa sahihi ni sawa na alama 100? Hajui kwa kutazama maswali. Hujua kwa kuwapima watoto wengi wa kila umri, waliochaguliwa ili wawakilishe watoto wa nchi nzima. Hao tutawaita kundi la kulinganishia. Wastani wa kundi hilo, uwe mkubwa au mdogo, hupewa jina la 100. Namba nyingine hupangwa kuuzunguka wastani huo, hata ikawa watoto wapatao theluthi mbili huangukia kati ya 85 na 115, na watoto wapatao wawili tu katika kila mia huwa chini ya 70. Mstari wa 70 ndio uliotumika kwa miaka mingi, pamoja na uchunguzi wa namna mtoto anavyojimudu katika maisha ya kila siku, kuamua nani aitwe mlemavu wa akili.

Tuchukue mfano rahisi. Mwalimu mmoja aliwapima urefu watoto wote wa Darasa la Tatu miaka 30 iliyopita, akatafuta wastani, akauchora kwa mkaa ukutani. Tangu hapo kila mtoto husimamishwa penye mstari ule. Watoto wa leo wakiwa wamelishwa vizuri zaidi kuliko wale wa zamani, wengi wao wataupita mstari, na mwalimu atasema, "Darasa langu lote ni la warefu!" Mtoto aliye mfupi miongoni mwa wenzake wa leo ataonekana wa kawaida. Siku mwalimu atakapoufuta mstari na kuchora mpya kwa kuwapima watoto wa leo, mtoto yule yule ataonekana mfupi. Mtoto hakupungua hata nukta moja. Kilichohama ni mstari.

4. Mstari unahama

Mtu aliyelithibitisha jambo hili katika vipimo vya akili ni James Flynn, mwalimu wa siasa katika Chuo Kikuu cha Otago huko New Zealand. Mwaka 1984 alichapisha uchunguzi wake juu ya Wamarekani waliopimwa kati ya mwaka 1932 na 1978. Alitazama watu waliofanya vipimo viwili, cha zamani na kipya, akaona kwamba karibu kila mara walipata alama kubwa zaidi katika kile cha zamani. Maana yake ni kwamba kundi la zamani lilikuwa rahisi kulishinda kuliko kundi jipya. Katika miaka hiyo 46 wastani ulikuwa umepanda kwa karibu pointi 14, yaani kiasi cha pointi 3 kila miaka 10. Mwaka 1987 alionyesha kwamba jambo hilo hilo lilikuwa limetokea katika nchi 14. Leo wataalamu huliita Athari ya Flynn.

Je, tuseme basi kwamba babu zetu walikuwa wapungufu wa akili? Flynn mwenyewe aliliona tatizo hilo. Tukirudi nyuma miaka mia moja kwa mwendo wa pointi 3 kila miaka 10, mtu wa kawaida wa siku zile angepata alama kama 70 kwa kipimo cha leo. Lakini watu hao ndio waliolima, wakajenga, wakafanya biashara, wakaamua mashauri na kulea wana. Haiwezekani nusu ya taifa iwe ya walemavu wa akili na kazi hizo zifanyike. Ni dhahiri kwamba kilichopanda si akili yote ya mwanadamu, bali uzoefu wa kufikiri kwa namna ile inayotakiwa na kipimo.

5. Kwa nini alama hupanda?

Mfano mzuri umo katika kazi ya Aleksandr Luria, mtaalamu wa Kirusi aliyekwenda kwa wakulima wa Uzbekistan mwaka 1931 na 1932. Aliwaonyesha picha za nyundo, msumeno, shoka na gogo, akawauliza ni vitu vipi vitatu vinavyofanana. Msomi angejibu mara moja: nyundo, msumeno na shoka, kwani hivyo ni vyombo vya kazi. Wakulima wasiosoma walikataa kulitoa gogo. Msumeno utakata nini bila gogo? Shoka litapasua nini? Kwa maisha yao jibu hilo lilikuwa la busara kabisa. Kwa kipimo cha akili lilikuwa kosa. Wale waliokwisha kukaa shuleni muda mfupi tu walianza kujibu kisomi.

Shule, basi, humzoesha mtoto kupanga vitu katika mafungu, kufikiri juu ya mambo yasiyokuwapo mbele yake, na kujibu swali ambalo muulizaji tayari analijua jibu lake. Kwa kadiri elimu inavyoenea, ndivyo uzoefu huo unavyoenea. Aidha, zipo sababu za chakula bora, afya, na familia zenye watoto wachache ambamo kila mtoto huzungumza zaidi na wazazi wake.

Ushahidi haukutoka katika nchi tajiri peke yake. Huko Embu, nchini Kenya, watoto wa vijijini walipimwa mwaka 1984, kisha watoto wengine wa umri ule ule wakapimwa mwaka 1998. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba alama zilipanda katika miaka hiyo 14, hasa katika kipimo cha kukamilisha michoro. Wachunguzi waliona kwamba sababu zilizoelekea zaidi kuwa za kweli ni wazazi kujua kusoma, muundo wa familia, na lishe na afya ya watoto. Katika muda mfupi kama huo damu ya watu haibadiliki. Yaliyobadilika ni mazingira.

Tuongeze kwamba mstari hauhami upande mmoja tu. Huko Norway alama za vijana walioingia jeshini zilipanda kwa muda mrefu, kisha zikaanza kushuka kwa wale waliozaliwa baada ya katikati ya miaka ya 1970. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mapando na mashuko hayo hutokea hata baina ya ndugu wa familia moja. Hapa pia sababu ni mazingira.

6. Mtoto mmoja, hukumu mbili

Sasa tuingie darasani. Tuseme mtoto wa Kimarekani alipimwa mwaka 1990 kwa kipimo cha Wechsler cha mwaka 1974, akapata alama 73. Amevuka mstari wa 70, hivyo si mlemavu wa akili. Miaka mitatu baadaye anapimwa tena kama sheria ya huko inavyotaka, lakini sasa shule imekwisha kununua kipimo cha mwaka 1991. Mstari umechorwa upya, na mtoto anapata 68. Mtoto huyu hakuugua, hakuanguka, wala hakusahau kitu. Huenda hata amejifunza mengi. Lakini karatasi yasema kwamba sasa ni mlemavu wa akili.

Mfano huo tumeubuni ili kueleza, lakini jambo lenyewe halikubuniwa. Mwaka 2003 Tomoe Kanaya na wenzake walichapisha uchunguzi wa karibu tathmini 9,000 za watoto kutoka wilaya tisa za elimu za Marekani. Waliona kwamba watoto waliokuwa karibu na mstari wa 70, walipohamishwa kutoka kipimo cha zamani kwenda kipimo kipya, walipoteza wastani wa pointi 5.6. Hao walielekea zaidi kuitwa walemavu wa akili kuliko wenzao waliopimwa tena kwa kipimo kile kile. Kwa hiyo hatima ya watoto wawili walio sawa iliweza kutofautiana kwa sababu ya mwaka ambao shule yao ilinunua vitabu vipya vya kipimo.

Katika nchi hiyo mstari huo umebeba hata uhai wa watu. Mwaka 2002, katika kesi ya Atkins, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili asiuawe kwa hukumu ya mahakama. Tangu hapo mawakili wamekuwa wakibishana mbele ya majaji kama kipimo alichopimwa nacho mshitakiwa kilikuwa kimezeeka au la.

7. Upande wa pili wa mizani

Lipo kundi jingine la watoto ambalo mwalimu hana budi kulitofautisha na lile la kwanza. Hawa wana akili ya kawaida au zaidi ya kawaida, lakini hushindwa vibaya katika stadi moja mahususi: kusoma, kuandika au kuhesabu. Mwaka 1963 Samuel Kirk, akizungumza na wazazi mjini Chicago, aliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili twaweza kusema ulemavu mahususi wa kujifunza. Disleksia, yaani ugumu wa kusoma, imo katika kundi hili.

Marekani ilipopitisha sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu mwaka 1975, swali likawa: mtoto wa namna hii atambuliwe vipi? Kanuni za mwaka 1977 zilisema atambuliwe kwa pengo kubwa kati ya uwezo wake wa akili na mafanikio yake masomoni. Kwa kawaida uwezo huo ulipimwa kwa alama ya akili.

Tuseme mahali fulani pengo linalotakiwa ni pointi 15. Mtoto ana alama ya akili 100 kwa kipimo cha zamani, na alama ya kusoma 84. Pengo ni 16, naye anapata mwalimu wa kumsaidia. Kipimo kipya kinapoletwa, alama yake ya akili inakuwa 95. Alama ya kusoma ni ile ile 84. Pengo sasa ni 11, na msaada unakoma. Mtoto hajaanza kusoma vizuri. Angali anakwama mbele ya kila neno. Lakini kwa hesabu, tatizo lake limekwisha.

Msomaji atazame vizuri. Badiliko moja la kipimo limeleta matokeo mawili yanayopingana. Huku limemwongezea mtoto mmoja jina la ulemavu, huku limemnyima mtoto mwingine msaada. Mambo haya mawili hayakutoka kwa watoto wenyewe. Yametoka kwa mwaka uliochapishwa juu ya jalada la kipimo.

Wamarekani wenyewe waliuona udhaifu huo pamoja na mwingine ulio mkubwa zaidi: kungojea pengo liwe kubwa ni kumngojea mtoto ashindwe kwanza. Sheria iliyopitishwa mwaka 2004 ilikataza majimbo kuzilazimisha shule zitumie pengo hilo, ikaruhusu njia nyingine: mtoto afundishwe kwa njia zilizothibitishwa kuwa nzuri, na atazamwe anavyoitikia mafundisho hayo.

8. Yanatuhusuje sisi?

Mwanachuo aweza kusema, "Shuleni kwetu hatuna vipimo hivyo." Ni kweli kwamba walimu wengi hawatakutana nacho. Lakini fikra iliyomo ndani ya kipimo hicho tunayo sote, nayo hutuponza kwa njia mbili.

Kwanza, kipimo hupima uzoefu pamoja na akili. Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, kazi ya kuiga maumbo, akachapisha matokeo mwaka 1979. Walipotumia kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Walipotumia waya, wale wa Zambia, waliozoea kujitengenezea magari ya waya, walifanya vizuri zaidi. Walipotumia udongo wa mfinyanzi, makundi hayo yalikuwa sawa. Ni watoto gani walio na akili zaidi? Jibu latoka mkononi mwa anayechagua zana. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Pili, alama ya siku moja haionyeshi mtoto anaweza kufika wapi akifundishwa. Jambo hili lilichunguzwa kwetu, karibu na Bagamoyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002 na Robert Sternberg na wenzake, Watanzania wakiwamo. Watoto 358 wa umri wa miaka 11 hadi 13 walipewa majaribio ya kufikiri, kisha wakafundishwa kwa muda usiozidi saa moja mbinu za kuyakabili, kisha wakapimwa tena. Watoto wengine 100 walipimwa mara mbili bila mafundisho. Waliofundishwa waliongeza alama zaidi. Na lililo kubwa kwa mwalimu ni hili: miongoni mwao, alama za mwanzo hazikutabiri vizuri alama za mwisho. Aliyekuwa nyuma kabla ya mafundisho hakuwa lazima nyuma baada yake. Kama wangehukumiwa kwa jaribio la kwanza peke yake, wengi wangehukumiwa visivyo.

Mwandishi wa makala haya anayo sababu ya kulisema jambo hili kwa uchungu. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa na mvulana wa Darasa la Tatu aliyekaa karibu na dirisha la nyuma. Nikimwuliza swali, alinitazama tu. Katika jaribio la imla alipata sifuri mara tatu mfululizo. Katika taarifa yake ya mwisho wa mwaka niliandika: "Mzito wa akili." Siku moja, nilipokuwa nikigawa madaftari, nilimwita nikiwa nyuma yake, asigeuke. Nikamwita tena kwa sauti kubwa zaidi, asigeuke. Baadaye mama yake alinieleza kwamba tangu utotoni masikio yake yalikuwa yakitoa usaha. Nilimhamishia mbele, nikawa nikisema nikiwa nimemwelekea, na kabla muhula haujakwisha alikuwa akiandika imla kama wenzake. Lakini mwaka uliofuata familia yake ilihama, naye akaenda shule nyingine akiwa na taarifa yangu. Mwalimu aliyempokea alimweka nyuma, kwa sababu alikuwa amesoma neno nililoliandika mimi.

9. Hatua za kufuata

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza mwalimu afuate hatua hizi kabla ya kusema lolote juu ya akili ya mtoto.

(a) *Achunguze macho na masikio.* Asimame nyuma ya mtoto, hatua chache, amnong'oneze maneno ya kawaida kama "kuku" na "meza", na mtoto ayarudie. Amwombe asome ubaoni akiwa mbele, katikati na nyuma ya darasa. Uchunguzi huu hauchukui zaidi ya dakika kumi. Akiona shaka, mtoto apelekwe kituo cha afya.

(b) *Atazame daftari la mahudhurio.* Mtoto aliyekosa siku 40 hajashindwa masomo ambayo hakufundishwa. Mwalimu aulize pia juu ya malaria, njaa, na mwendo wa kuja shuleni.

(c) *Afikirie lugha.* Mtoto anayesema lugha nyingine nyumbani aweza kuelewa hesabu lakini asielewe swali. Aulizwe upya kwa vitendo au kwa vitu.

(d) *Atenganishe kushindwa kote na kushindwa mahali pamoja.* Mtoto anayesimulia hadithi vizuri, anayerudisha chenji dukani bila kukosea, lakini hawezi kusoma mstari mmoja, hana tatizo la akili. Ana tatizo la kusoma. Tukumbuke kwamba Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye disleksia huweza kusoma maneno kwa usahihi, lakini polepole sana na kwa taabu. Mwalimu asisikilize makosa tu, asikilize pia mwendo.

(e) *Achambue makosa.* Mtoto akiandika 42 – 17 = 35, asipigiwe mkasi tu. Ametoa 2 katika 7 na 1 katika 4. Anajua kutoa, hajui kukopa kutoka makumi. Hilo ni somo la siku mbili kwa kutumia vijiti vilivyofungwa kumikumi.

(f) *Apime, afundishe, apime tena.* Achague stadi moja ndogo, apime, afundishe kwa wiki mbili au tatu kwa zana na mazoezi mafupi ya kila siku, kisha apime. Aandike tarehe na matokeo. Mtoto anayepanda anahitaji mafundisho zaidi ya namna hiyo. Mtoto asiyepanda, ingawa amefundishwa vizuri, ndiye wa kupelekwa kwa mtaalamu wa elimu maalumu. Maandishi hayo ndiyo yatakayomsaidia mtaalamu kuliko neno "mzito".

(g) *Akiletewa alama ya kipimo chochote, aulize maswali manne.* Kipimo kililinganishwa mwaka gani? Kililinganishwa kwa watoto wa wapi? Mtoto alipimwa kwa lugha gani? Na alama hii inatakiwa kumletea mtoto msaada gani? Swali la nne likikosa jibu, alama hiyo haina kazi darasani.

10. Hitimisho

Hatusemi kwamba ulemavu wa akili haupo, wala kwamba ulemavu wa kujifunza ni hadithi. Yote mawili yapo, na mtoto mwenye hali hizo akiachwa bila kutambuliwa hudhulumiwa kama yule anayeitwa mlemavu naye si mlemavu. Tunachosema ni kwamba kutambua ni kazi ya muda na ya ushahidi wa namna nyingi, wala haiwezi kukabidhiwa namba moja. Namba huzeeka kama kitambaa kinavyofifia juani, na mwenye kuivaa ni mtoto.

Binet alitunga kipimo chake ili mtoto asaidiwe. Mwalimu atakayekumbuka shabaha hiyo hatapotea hata kama hana kipimo chochote mkononi. Utakapokwenda mazoezini na kuonyeshwa wale watatu wa nyuma, ndugu mwanachuo, anza kwa kuwasogeza mbele.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini mtoto aliyepata alama 73 aweza kupata 68 bila kupungukiwa na kitu.

2. Badiliko moja la kipimo laweza kuongeza idadi ya watoto wanaoitwa walemavu wa akili na papo hapo kupunguza wale wanaosaidiwa kwa ulemavu mahususi wa kujifunza. Onyesha jinsi linavyotokea kwa mfano wa hesabu uliobuni mwenyewe.

3. Chagua mwanafunzi mmoja katika shule ya mazoezi anayesemwa kuwa mzito. Fuata hatua (a) hadi (f) kwa wiki tatu, uandike uliyoyaona bila kutumia neno "akili" hata mara moja. Jina la mtoto lisiandikwe.